Kwa Nini Keki ya Boga na Asali Huwahi Kushika Rangi Nje Ilhali Ndani Bado Mbichi?

Fungua oveni keki ya boga na asali ikiwa imeokwa kama nusu saa. Kingo zimeshakolea rangi ya kahawia, juu pamepasuka na kung'aa, na harufu iliyotanda jikoni inasema kazi imekwisha. Kisha chomeka kijiti katikati. Kinatoka kimepakaa uji mzito wa rangi ya chungwa. Nje keki iko karibu kuungua, ndani haijaiva.

Katika nchi za kaskazini mwa dunia hali hii huwapata waokaji wengi kati ya Septemba na Novemba, majira ya mapukutiko. Maboga huwa yamevunwa kabla baridi kali haijayaharibu, na wafugaji nyuki wamemaliza kurina asali ya kiangazi. Vitu viwili vinapatikana kwa wingi wakati mmoja, kwa hiyo huishia katika bakuli moja. Lakini keki ileile ikitiwa sukari ya kawaida badala ya asali, rangi huja polepole zaidi. Kwa nini?

Jibu linalosikika mara nyingi ni kwamba asali ina utamu mwingi kuliko sukari, na kitu kitamu huungua upesi. Jibu hilo si sahihi, na inafaa kueleza kwa nini, maana ndilo linalowafanya watu wapunguze asali na bado washangae keki inapozidi kuwa nyeusi. Gramu 100 za sukari ya mezani ni sukari tupu. Gramu 100 za asali zina takriban gramu 82 za sukari, na sehemu kubwa ya zinazobaki, kama gramu 17, ni maji. Kwa uzito, basi, asali ina sukari pungufu. Kama wingi wa sukari ndio ungekuwa chanzo, keki ya asali ingechelewa kushika rangi badala ya kuwahi.

Ni kweli kwamba wengi hupima kwa kikombe na si kwa mizani, na hapo hesabu hubadilika. Kikombe cha sukari kina uzito wa gramu 200 hivi, cha asali gramu 340. Anayebadilisha kikombe kwa kikombe anaongeza sukari bila kujua, na anaongeza maji pia. Hata hivyo, ukipima kwa mizani na kusawazisha sukari, keki ya asali bado hutangulia. Sababu iko kwingine.

Wengine husema ni kwa kuwa asali ni kimiminika. Hilo nalo halisimami. Tazama sharubati ya mti wa mepo, ile ambayo watu wa asili wa Amerika Kaskazini waliitengeneza kabla hata nyuki wa asali hawajafikishwa bara hilo. Nayo ni kimiminika, nayo ni tamu, na ina maji mengi kuliko asali, takriban theluthi moja. Lakini karibu sukari yake yote ni sukrosi, sukari ileile iliyo kwenye bakuli la chai, na kwa sababu hiyo haina haraka ya asali. Tunachotafuta ni aina ya sukari. Kiasi chake na umbo lake ni mambo ya pembeni.

Sukrosi imeundwa na sukari mbili ndogo zilizounganishwa, glukosi na fruktosi. Zifikirie kama watu wawili ambao kila mmoja ana mkono mmoja tu wa kusalimia. Katika sukrosi, wawili hawa wameshikana kwa mikono hiyohiyo. Wanaweza kupita katikati ya umati wa watu bila kumsalimia yeyote, kwa kuwa hakuna mkono uliobaki. Watenganishe, na mara moja una watu wawili, kila mmoja na mkono mtupu, tayari kumshika wa kwanza atakayekutana naye. Ndani ya keki, umati wenyewe ni asidi amino, vile vipande vinavyojenga protini, vilivyomo kwenye unga, mayai, maziwa na hata kwenye boga lenyewe. Mkono wa sukari ukishika asidi amino huku joto likiwa la kutosha, huanza mlolongo mrefu wa mabadiliko ambao mwisho wake ni rangi ya kahawia na mamia ya harufu tunazozijua kwenye ganda la mkate, kahawa iliyokaangwa na nyama ya kuchoma.

Mlolongo huo unaitwa mmenyuko wa Maillard, kwa jina la Mfaransa Louis-Camille Maillard, aliyeueleza mwaka 1912. Mwaka 1953 mkemia Mmarekani John Hodge ndiye aliyechora ramani ya hatua zake ambayo wanasayansi wa chakula bado wanaianzia.

Sasa, nani aliyewatenganisha hao wawili kwenye asali? Nyuki. Katika maua mengi nekta huwa na sukrosi nyingi. Nyuki anapoifyonza na kuirudisha mzingani, huichanganya na kimeng'enya kiitwacho invertesi, ambacho kazi yake ni kukata kile kiungo kimoja kinachoshikilia glukosi na fruktosi. Kazi hupita kutoka nyuki hadi nyuki, kisha huendelea ndani ya sega huku maji yakipungua. Asali inapokuwa tayari, takriban asilimia 38 yake ni fruktosi, asilimia 31 ni glukosi, na sukrosi iliyobaki kwa kawaida ni karibu asilimia 1 tu. Mimi naliona hili kuwa jambo la ajabu kweli: sehemu ngumu ya kuipaka keki rangi ilishafanywa na wadudu miezi kadhaa kabla unga haujachekechwa.

Fruktosi ina jambo jingine. Hata bila asidi amino, sukari ikipashwa joto hubadilika kuwa karameli. Sukrosi na glukosi huanza kufanya hivyo karibu na nyuzi 160 za Selsiasi. Fruktosi huanza karibu na nyuzi 110. Kwa hiyo zaidi ya theluthi moja ya asali iko tayari kugeuka rangi kwenye joto ambalo sukari ya kawaida bado inalivumilia.

Hii haina maana kwamba keki ya sukari ya kawaida hubaki nyeupe. Kila mtu ameona ikishika rangi vizuri. Maziwa yana sukari yake, laktosi, ambayo mkono wake uko huru. Unga una kiasi kidogo cha maltosi. Na sukrosi yenyewe, ikikutana na joto na uchachu, huachana kidogo kidogo ndani ya oveni. Tofauti ni ya kasi: keki ya sukari inasubiri wachache waachiliwe, ya asali inaanza na wote wakiwa huru.

Hadi hapa tumeeleza nje ya keki. Ndani ni kazi ya boga, na linafanya kinyume kabisa cha asali.

Boga bichi la kawaida ni maji kwa zaidi ya asilimia 90. Aina ya butternut ina pungufu kidogo, kama asilimia 86. Maji yana sharti moja gumu jikoni: mahali palipolowa hapapandi kupita nyuzi 100, hata oveni iwe nyuzi 180. Mmenyuko wa Maillard huenda kasi joto likishapita kama nyuzi 140, na ndiyo sababu rangi hutokea juu tu, pale unyevu unapokauka, wakati katikati ya keki hubaki na rangi ya boga mpaka mwisho. Tena maji mengi yanahitaji joto jingi ili yapande nyuzi hata chache. Keki iliyojaa boga lililopondwa huchelewa kuiva katikati, na katikati haijaiva mpaka ifike takriban nyuzi 95.

Kwa hiyo una kiambato kimoja kinachoharakisha ganda na kingine kinachochelewesha kiini, ndani ya chombo kimoja, kwa joto moja. Oveni haina kosa lolote.

Ukitaka kuona kazi ya boga kwa karibu, chemsha vipande, viponde, kisha umimine rojo kwenye kitambaa safi juu ya chujio na uache lijichuje kwenye jokofu usiku kucha. Asubuhi bakuli la chini lina maji ya manjano, matamu kwa mbali. Lililobaki kitambaani ni zito kiasi kwamba kijiko kinasimama, na rangi yake imekolea kuliko jana. Maji hayo yote yangeingia kwenye keki. Kuoka boga badala ya kulichemsha huondoa maji vilevile, na kuna faida zaidi: sukari za boga hukutana na asidi amino zake kabla hata ya keki kuanza. Kata kipande cha boga, paka nusu asali na nusu nyingine sukari iliyoyeyushwa kwa maji, uweke ndani ya oveni. Mstari kati ya nusu hizo mbili utauona kabla kipande hakijalainika.

Umri wa boga nao una maana. Boga lililovunwa jana lina wanga mwingi. Wakulima huyaacha maboga mahali penye joto la nyuzi 27 hadi 29 kwa siku kama 10 ili ganda likomae na majeraha yafunge, kisha huyahifadhi kwenye baridi ya nyuzi 10 hadi 13. Katika wiki zinazofuata, hasa kwa butternut na jamaa zake, wanga hugeuka polepole kuwa sukari. Boga la Novemba basi huwa tamu kuliko lilivyokuwa Septemba, na keki yake hushika rangi upesi zaidi ingawa mapishi hayajabadilika. Maboga makubwa yanayochongwa nyuso wakati wa Halloween hayafai sana kwa kazi hii, kwa kuwa yana nyuzinyuzi, maji mengi na ladha hafifu. Rojo la boga la makopo linalouzwa Marekani kwa kawaida hutokana na boga liitwalo Dickinson, ambalo kwa ukoo liko karibu na butternut kuliko hayo ya kuchonga, na sehemu kubwa yake hulimwa jimbo la Illinois.

Kuna jambo moja kwenye mapishi ya asali linalowachanganya hata waokaji wazoefu: beking soda, yaani bikaboneti ya sodiamu. Asali ina uchachu, pH yake (kipimo cha uchachu, ambacho namba ikiwa chini ya 7 uchachu upo) kwa kawaida ni karibu 3.9, ingawa utamu huuficha. Mapishi mengi huongeza robo hadi nusu kijiko cha chai cha beking soda kwa kila kikombe cha asali ili kusawazisha uchachu huo na kusaidia keki iumuke. Ni sawa. Lakini mmenyuko wa Maillard huenda kasi zaidi uchachu unapopungua. Ukizidisha beking soda ukidhani unaokoa keki, unaharakisha weusi uleule unaoukimbia, na juu yake unapata ladha ya sabuni.

Cha kufanya kinatokana na hayo yote. Punguza joto la oveni kwa takriban nyuzi 15, kutoka 180 hadi 165, na uongeze muda, ili kiini kipate nafasi ya kulifikia ganda. Kwa kila kikombe cha asali kilichoingia badala ya sukari, toa robo kikombe cha maji au maziwa. Kipimo hiki hakikubuniwa ovyo: asilimia 17 ya gramu 340 za asali ni gramu 58 za maji, karibu sawasawa na robo kikombe. Rangi ikikupendeza kabla ndani hapajaiva, funika juu kwa foili bila kuibana. Chombo kipana na kifupi ni bora kuliko kirefu chenye kina, na keki ndogo za vikombe huliepuka tatizo lote kwa kuwa kiini chao kiko karibu na ukingo. Kijiti kikitoka na chembe chache zenye unyevu, keki ya boga imeiva. Kikitoka na uji, bado.

Na usiikate ikiwa moto ukaihukumu. Fruktosi huvuta na kushikilia maji, nyuzinyuzi na pektini za boga hushikilia mengine, na siku ya pili keki hii huwa laini kuliko siku iliyookwa, wakati keki ya kawaida inaanza kukauka.

Wapo wanaoogopa kupika asali wakiamini kwamba moto huigeuza sumu. Hofu hiyo hutajwa pamoja na HMF, kemikali inayoongezeka asali inapopashwa joto au kukaa muda mrefu. Viwango vya kimataifa vya chakula viitwavyo Codex vinaiwekea kikomo cha miligramu 40 kwa kilo, na 80 kwa asali ya maeneo ya tropiki, lakini kikomo hicho ni kipimo cha ubora, cha kujua kama asali ilipashwa moto kupita kiasi au imechakaa. HMF imo pia kwenye ganda la mkate na kwenye matunda yaliyokaushwa, na kwenye kahawa huwa nyingi zaidi. Kinachopotea kweli ndani ya oveni ni vimeng'enya na sehemu ya harufu nyepesi za maua, kwa hiyo si lazima asali ya bei kubwa iishie kwenye keki.

Hatari halisi iko kwa watoto wachanga. Asali inaweza kuwa na mbegu za bakteria Clostridium botulinum, ambazo mtu mzima humeza bila madhara lakini kwa mtoto zinaweza kuota tumboni na kutoa sumu inayolegeza misuli hadi ile ya kupumulia. Mbegu hizo huvumilia nyuzi 100. Kuziua kwa uhakika kunahitaji kama nyuzi 121, joto la mvuke wenye mgandamizo, na tumeona kwamba katikati ya keki ya boga hapafiki hata 100. Kuoka hakuisafishi asali, kwa hiyo aliye chini ya miezi 12 atengenezewe boga lake peke yake, bila asali.