Rejesta ya taifa huona kile ambacho jaribio la dawa halikioni

Wengi hugunduliwa kuwa na multipo sklerosisi, yaani MS, wakiwa na umri wa miaka 20 hadi 40. Kinga ya mwili hushambulia utando unaofunika neva za ubongo na uti wa mgongo, na ulemavu huweza kuja pole pole kwa miongo kadhaa. Majaribio ya dawa, kwa upande mwingine, aghalabu hudumu miaka miwili hivi, tena huwaacha nje wajawazito, wazee na wenye maradhi mengine. Mgonjwa anayeuliza kama atakuwa bado anatembea akifika miaka 60 hapati jibu humo.

Denmark ilianzisha rejesta yake ya MS, yaani kumbukumbu ya taifa ya wagonjwa wa maradhi hayo, mwaka 1956. Tangu 1968 kila mkazi ana namba yake, hivyo taarifa za ugonjwa huunganishwa na za vifo, uzazi na ajira. Ndivyo ilivyojulikana kwamba katika miongo sita wagonjwa wapya wa kike wameongezeka takriban maradufu, huku ongezeko la wanaume likiwa dogo zaidi. Jeni hazibadiliki upesi kiasi hicho, kwa hiyo watafiti wanatazama zaidi mazingira na mtindo wa maisha.

Lakini kwangu mimi mfano wenye uzito zaidi ni wa 2021. Sweden ilikuwa na desturi ya kuwaanzishia wagonjwa wengi dawa kali mapema, takriban mmoja kati ya watatu. Denmark ilianza na dawa za wastani kwa karibu wote, ikipandisha pale zinaposhindwa. Rejesta za nchi hizo mbili zilipolinganishwa, kasi ya ulemavu kuongezeka ilikuwa chini kwa asilimia 29 Sweden. Hakuna kamati ya maadili ambayo ingeruhusu kuzigawa nchi mbili kwa kura ili kupima jambo hilo, na wala haikuhitajika.

Ulinganisho huo una udhaifu wake, maana nchi hizo hutofautiana kwa mengine pia, na takwimu haziwezi kusawazisha kila kitu. Zaidi ya hayo, rejesta haijijazi yenyewe. Daktari asipoandika kiwango cha ulemavu kila mgonjwa anaporudi kliniki, mwanya unabaki, na mara nyingi anayekosekana ni yule aliyezidiwa hata akashindwa kufika. Mgonjwa wa Sweden ana haki ya kukataa kuandikishwa, na ni sawa iwe hivyo. Anayetaka kuamua vizuri aulize kwanza nani atazisoma taarifa zake na kwa kazi gani.