Waliofika fainali ya Roland Garros: yanayosemwa na ukweli wenyewe

Kila fainali ya wanaume, mchezaji mmoja mmoja, ya mashindano ya tenisi ya Roland Garros inapokaribia huko Paris, madai yaleyale hurudi. Mengi hayapatani na orodha ya walioshinda na walioshindwa.

"Ule uwanja ni wa udongo"

Wekundu unaouona ni vumbi la matofali yaliyosagwa, unene wa milimita 1 hadi 2 tu. Chini yake kuna mawe ya chokaa yaliyopondwa, sentimita 6 hadi 7, halafu masalia ya makaa ya mawe, kisha kokoto za kupitisha maji. Mpira ukitua hushikwa na lile vumbi, kasi inapungua na mdundo unapanda. Uwanja ukikauka kupita kiasi, vumbi hupeperuka na miguu hukosa mshiko, ndiyo maana humwagiliwa maji na kusawazishwa kwa kuburuta wavu juu yake. Ukilowa sana, mpira hunywa unyevu, unakuwa mzito na mdundo unashuka.

"Anayeongoza seti mbili kwa bila ameshabeba kombe"

Hili ndilo dai linaloaibisha watu zaidi, maana kombe ni la anayefikisha seti tatu. Tangu 1974 fainali hii imepinduka kutoka seti mbili kwa bila angalau mara sita (mshindi anatajwa kwanza): Borg dhidi ya Orantes (1974), Lendl dhidi ya McEnroe (1984), Agassi dhidi ya Medvedev (1999), Gaudio dhidi ya Coria (2004), Djokovic dhidi ya Tsitsipas (2021) na Alcaraz dhidi ya Sinner (2025).

Sababu ni uwanja wenyewe. Pigo ambalo kwenye sakafu ngumu lingemaliza pointi, hapa linarudishwa, na anayeongoza analazimika kushinda pointi ileile mara mbili au tatu. Miguu inalipa gharama. Coria alichukua seti mbili za kwanza 6-0, 6-3, kisha misuli ikamkaza. Hata hivyo alipata pointi mbili za ubingwa, yaani ambazo angeshinda moja tu angebeba kombe, katika seti ya tano, akazipoteza, na Gaudio akamaliza 8-6. Gaudio hakuwa hata miongoni mwa waliopangiwa namba za ubora. Sinner naye, mwaka 2025, aliongoza 5-3 katika seti ya nne, Alcaraz akianzisha mpira akiwa nyuma 0-40: pointi tatu za ubingwa kwa Sinner. Zote zikapita. Mechi ilidumu saa 5 na dakika 29, fainali ndefu kuliko zote za mashindano haya.

"Enzi za Nadal, fainali ilikuwa kukamilisha ratiba tu"

Nusu ya dai hili ni kweli, tukubali. Nadal alicheza fainali 14, akashinda zote 14, na hakuna iliyofika seti ya tano. Ya 2020 ilihamishiwa Oktoba, kwenye baridi na chini ya paa jipya, na wengi walitabiri kwamba mdundo mfupi ungemnyima silaha yake kuu, mpira wa kuzungusha unaoruka juu. Alimfunga Djokovic 6-0, 6-2, 7-5.

Lakini msidharau upande wa pili wa wavu. Katika fainali hizo alikutana na wapinzani wanane tofauti, na watatu kati yao, Federer, Djokovic na Wawrinka, walilibeba kombe hilohilo miaka mingine. Söderling alimtoa Nadal mwaka 2009 katika raundi ya nne. Mwaka uliofuata akamtoa Federer katika robo fainali. Mara zote mbili alifika fainali, mara zote mbili akatoka bila kombe.

"Wanaopenda kukimbilia wavuni hawafiki fainali hapa"

Becker na Sampras hawakufika, kweli. McEnroe, Edberg (1989) na Stich (1996) walifika. Noah alishinda kabisa mwaka 1983, akimvamia Wilander wavuni, na tangu hapo hadi 2025 hakuna Mfaransa mwingine aliyeshinda upande wa wanaume. Aliyekaribia ni Leconte, aliyeshindwa fainali ya 1988.

"Orodha ya waliofika fainali inaanza 1891"

Mashindano yalianza mwaka huo, lakini hadi 1924 yalikuwa ya wanachama wa klabu za Ufaransa. Wageni walifunguliwa mlango 1925, na wachezaji wa kulipwa 1968, Rosewall alipomshinda Laver. Ukilinganisha rekodi, taja kwanza unahesabu kuanzia wapi.

"Kompyuta ndiyo inayoamua mpira wa utata"

Hadi 2025, hapana. Mpira huacha alama kwenye vumbi. Mchezaji akipinga, mwamuzi hushuka kitini na kuikagua: sehemu yoyote ya alama ikigusa mstari, mpira ni wa ndani. Ugumu ni kuitambua alama yenyewe kati ya nyingi zilizojazana, hasa karibu na mstari wa nyuma. Mchoro wa kompyuta unaouona kwenye televisheni ni wa watazamaji, na mara nyingine unatofautiana na alama kwa milimita chache. Mchezaji akisimamisha mchezo kudai ukaguzi na alama ikathibitisha kuwa mpira ulikuwa ndani, pointi inakwenda kwa mpinzani.