Mwanangu hafungui mdomo: maswali ya wazazi kuhusu meno ya watoto wenye ulemavu

Daktari, mwanangu ana miaka 8 na ana usonji. Kila kliniki ya meno tunaambiwa twende hospitali kubwa. Kwa nini?

Kwa sababu kliniki nyingi zina sindano ya ganzi tu, na ganzi inataka mtoto atulie. Lakini mama, kabla ya kufikiria nusu kaputi, omba kwanza siku ya kuzoea: akae kwenye kiti, ashike kile kioo kidogo, arudi nyumbani bila kutibiwa. Watoto wengi wenye usonji wanasumbuliwa na mlio wa mashine na ile taa ya usoni kuliko unavyodhani. Omba miadi ya asubuhi na mapema, foleni haijawa ndefu. Watu wanne kumkandamiza mtoto anayepiga kelele mimi siafiki. Safari ijayo hata getini hatapita.

Na nusu kaputi si hatari?

Ina hatari zake, ndiyo maana hutolewa chumba cha upasuaji, mbele ya mtaalamu wa usingizi. Faida yake ni kwamba kazi yote inamalizwa kwa mara moja: mabovu yanang'olewa, yenye matundu yanazibwa, magego yaliyodhoofika yanavikwa kofia za chuma.

Kinachoharibu mipango mara nyingi ni chakula. Kwa kawaida mtoto hali kwa muda wa saa 6 kabla, maziwa ya mama hukoma saa 4 kabla, na maji matupu saa 2 kabla. Tunahesabu muda hapa, si saa ya ukutani! Na uji ni chakula. Bibi akimwonea huruma alfajiri akampa vijiko viwili, semeni ukweli, kwa sababu aliyelala usingizi wa dawa akitapika, matapishi huweza kuingia mapafuni. Semeni pia kama ana tatizo la moyo, jambo linalowapata watoto wengi wenye Down syndrome (hali ya kuzaliwa nayo inayochelewesha ukuaji wa mwili na akili): huenda akahitaji antibiotiki kabla ya kung'olewa jino.

Si meno ya utotoni tu? Yatang'oka yenyewe.

Magego ya utotoni hukaa mpaka miaka 10 hivi, au 12. Tena gego la kwanza la ukubwani huota nyuma yao kwenye miaka 6 bila jino lolote kung'oka, na wazazi huliacha lioze wakidhani nalo ni la utotoni.

Binti yangu anatumia dawa ya kifafa, fizi zimevimba hadi zinafunika meno.

Kama ni phenytoin, hilo ni jambo linalojulikana. Usiikatize. Mwambie daktari anayemtibu kifafa, na usafi wa kinywa uongezwe.

Mwanangu ana mtindio wa ubongo. Nimpigeje mswaki?

Kaa nyuma yake, kichwa chake kiegemee kifuani pako. Mswaki uwe mdogo na laini, dawa ya meno yenye floraidi: kiasi cha punje ya mchele akiwa chini ya miaka 3, baada ya hapo punje ya njegere. Asipoweza kutema, punguza dawa na umfute kwa kitambaa safi. Akitaka kushika mwenyewe, zungushia mpini kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli ili uwe mnene. Mwache aanze, wewe umalizie.