Kumtambua bundi kwa picha: yanayoaminika na ukweli wake

Picha ya bundi haikosi wa kuijibu. Huyu atasema ni bundi mwenye masikio, yule atasema ni bundi mweupe, na programu ya simu itatoa jina la tatu. Duniani kuna spishi zaidi ya 200 za bundi, na alama ambazo watu huzikimbilia kwanza ndizo mara nyingi zinazopotosha.

Dhana: Vile viwili vilivyosimama kichwani ni masikio, na asiye navyo ni spishi nyingine.

Hivyo ni vishungi vya manyoya, havihusiki na kusikia hata kidogo. Matundu ya masikio yako pembeni mwa kichwa, yamefunikwa na manyoya, na kwa spishi kadhaa tundu moja liko juu kuliko la pili, jambo linalomwezesha bundi kujua panya anachakura wapi gizani. Kwa mwenye picha, la kushika ni kwamba vishungi husimama na kulala. Bundi aitwaye Asio otus (hapa natumia majina ya kisayansi) akivilaza, kichwa huonekana cha mviringo kabisa. Asio flammeus anavyo vifupi mno hata picha nyingi hazivioneshi. Basi ukiviona, vichukue kama alama. Usipoviona, usimwondoe ndege kwenye orodha ya spishi zinazowezekana kwa sababu hiyo.

Anza na uso. Wenye umbo la moyo na macho meusi hukupeleka kwenye familia ya Tytonidae. Wa mviringo hukupeleka kwenye Strigidae, waliko bundi wengi. Umbo la uso halibadiliki sana kwa hali ya ndege wala kwa mwanga kama vibadilikavyo vishungi na rangi, ndiyo maana mimi huliamini kuliko alama nyingine yoyote ya mwanzo.

Dhana: Rangi ya manyoya inatosha.

Strix aluco wa Ulaya wako wa kijivu na wako wa kahawia, na wote ni spishi moja. Huko Finland wale wa kahawia wameongezeka kadiri majira ya baridi yalivyopungua makali. Megascops asio wa Amerika Kaskazini naye ana wa kijivu na wa rangi ya kutu. Ongeza jua la jioni au taa ya njano, rangi inazidi kupotoka. Hata weupe hauaminiki: Bubo scandiacus dume huwa karibu mweupe mtupu, lakini jike na vijana wana mistari myeusi, ilhali bundi wa Tyto, jenasi (kundi la spishi za karibu) ya familia ile ya Tytonidae, akimulikwa na taa za gari usiku huonekana mweupe pe.

Tazama mpangilio wa madoa badala ya rangi. Chukua Glaucidium perlatum na Glaucidium capense, wote wa Afrika, wadogo, wenye macho ya njano, bila vishungi. Kuza picha hadi utosini. Perlatum ana vidoa vyeupe. Capense ana vistari vyembamba vilivyokingama. Shuka tumboni: perlatum ana michirizi ya wima, capense ana madoa. Kisha perlatum ana mabaka mawili meusi kisogoni, mfano wa macho yanayokutazama. Kwa hiyo ile picha ya mgongo uliyotaka kuifuta huenda ndiyo yenye jibu. Tafadhali usiifute.

Dhana: Rangi ya macho haidanganyi.

Husaidia sana, hilo halina ubishi. Bubo africanus ana macho ya njano na Bubo cinerascens ana meusi, na zamani walihesabiwa spishi moja. Bubo lacteus ana macho meusi na kope za waridi ambazo hutambulika papo hapo. Tatizo ni picha za usiku. Mwanga wa flashi hurudi kutoka nyuma ya jicho na kulifanya jekundu, na mboni ikipanuka, duara la njano hubaki uzi mwembamba tu.

Dhana: Ukubwa unaonekana pichani.

Hauonekani. Glaucidium perlatum ana takriban sentimita 20, Bubo lacteus anapita 60, na kila mmoja anaweza kuijaza picha. Tafuta jani au tundu la mti la kumpimia.

Dhana: Ndege wa usiku mwenye macho makubwa ni bundi.

Podargus strigoides wa Australia huitwa bundi kila mara, naye si bundi. Mdomo wake ni mpana na miguu yake ni dhaifu, haina makucha ya kukamatia mawindo.

Dhana: Picha ikiwa safi, jina lazima lipatikane.

Otus scops wa Ulaya huhamia Afrika wakati kwao ni baridi, akakaa katika nchi moja na Otus senegalensis. Picha nzuri kabisa inaweza kushindwa kuwatenganisha. Sauti ndiyo hukata shauri. Mahali nako huamua mengi, kwani Otus pembaensis anaishi kisiwani Pemba tu. Programu za utambuzi hufanya vizuri zaidi zikipewa mahali na tarehe, na bado jina zinalotoa ni la kuhakikiwa. Ukiomba msaada, tuma picha ya asili isiyohaririwa, tarehe, eneo, aina ya msitu au uwanda, na sauti kama uliirekodi. Kiota tu ndicho usikitaje mahali kilipo.