Usichokiandika, QEMU Hukuchagulia: Dhana Potofu Kuhusu Mashine Pepe

Laptopu nyingi wanazojifunzia vijana wa Mtwara mjini ni za mtumba kutoka Dar es Salaam: Core i5 ya miaka kadhaa nyuma, RAM ya GB 4 au 8, betri imechoka. Mwenye mashine ya namna hiyo akitaka kujifunza Linux, kujaribu seva, au kuona kama programu ya mahesabu ya AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) itakubali toleo jipya la Windows, hana kompyuta ya pili ya kuharibia. Kuna QEMU, emuleta ya bure iliyoanzishwa na Mfaransa Fabrice Bellard mwaka 2003. Inaunda kompyuta nzima ndani ya kompyuta: prosesa, RAM, diski, kadi ya mtandao, mpaka kipanya. Vifaa hivyo vyote unaviagiza kwa maneno, kwenye mstari wa amri. Laptopu yenyewe tuiite mwenyeji, na mashine pepe iwe mgeni.

Maneno ya vijiweni kuhusu QEMU ni mengi, na karibu yote yana mzizi mmoja. Watu huchukulia opsheni, yaani maneno yanayofuata jina la amri, kama nakshi, kitu cha kuongeza ukipenda. Kumbe QEMU haiachi pengo. Usipotaja prosesa, itakuwekea moja. Usipotaja kadi ya mtandao, itachomeka. Na inachokichagua mara nyingi ni kifaa cha zamani, maana kipaumbele chake ni kukubaliana na mifumo mingi, kasi baadaye.

“QEMU ni nzito, haifai laptopu zetu”

Hii utaisikia kuanzia Shangani hadi Chikongola, na anayeisema huwa ameona kwa macho yake: amewasha Ubuntu (aina ya Linux), feni inavuma, dakika zinakwenda, dirisha bado jeusi. Ukimwomba akuonyeshe alichoandika, ni hiki:

`qemu-system-x86_64 -m 2G -cdrom ubuntu.iso`

Hakusema kazi ifanywe kwa njia gani. Kwa hiyo QEMU imetumia TCG, yaani inatafsiri amri za prosesa ya mgeni kuwa amri za prosesa ya mwenyeji, kwa programu tupu. Utafsiri huo una kazi yake: ndio unaowezesha mfumo wa ARM kuendeshwa juu ya Intel. Lakini kama mgeni na mwenyeji ni ukoo mmoja wa prosesa, unatafsiri Kiswahili kwenda Kiswahili. Kwenye Linux kuna KVM, ambayo imo ndani ya keneli (kiini cha Linux) tangu toleo 2.6.20 la mwaka 2007, nayo humwachia mgeni atumie prosesa yenyewe moja kwa moja. Unaiomba kwa `-accel kvm`. Anayetumia Windows aandike `-accel whpx` baada ya kuwasha kipengele cha Windows Hypervisor Platform. Mwenye Mac aandike `-accel hvf`.

KVM ikikataa, watu wengi hukata tamaa mapema. Andika kwanza `ls /dev/kvm`. Faili hilo lisipokuwepo, ingia BIOS (mipangilio ya laptopu kabla mfumo haujawaka) utafute Intel Virtualization Technology, au SVM kwa prosesa za AMD, uiwashe. Laptopu za mtumba mara nyingi zinakuja ikiwa imezimwa. Likiwepo lakini QEMU ikalalamika “Permission denied”, jina lako halimo kwenye kundi la kvm. `sudo usermod -aG kvm $USER`, kisha toka na uingie tena. Uzuri wa kuandika `-accel kvm` waziwazi ni kwamba ikishindikana utaambiwa papo hapo. Ukiiacha, QEMU itatumia TCG kimyakimya na wewe utailaumu laptopu.

Bado kuna prosesa. Bila opsheni ya `-cpu`, mgeni anapewa `qemu64`, prosesa ya kubuni isiyo na uwezo mwingi wa prosesa za leo. Hapa si suala la kasi peke yake. AlmaLinux 9 na ndugu zake waliojengwa juu ya RHEL 9 (Red Hat Enterprise Linux) wanadai kiwango cha uwezo wa prosesa kiitwacho x86-64-v2. Wakikuta `qemu64` wanagoma kuwaka, na mtu anapakua ISO (faili la kusakinishia) upya akidhani iliharibika njiani. GB nzima za bando zimekwenda kwa sababu ya maneno mawili ambayo hayakuandikwa: `-cpu host`.

“Ongeza -m na -smp mpaka ikimbie”

Ni kweli kwamba RAM unayopewa usipotaja `-m` ni MB 128, na hiyo haiwashi mfumo wowote wa kisasa wenye madirisha. Ila anayerukia upande wa pili, akampa mgeni GB 6 kwenye laptopu ya GB 8, anajichimbia shimo. QEMU haichukui GB 6 zote mara moja. Inachukua kadiri mgeni anavyozigusa, kwa hiyo mwanzoni kila kitu kinaonekana shwari. Baada ya saa moja mgeni amezigusa zote, mwenyeji anaanza kuhamishia kumbukumbu kwenye diski, na kama diski ni ile ya kuzunguka, mtakaa. Kwenye GB 8, mimi nampa mgeni wa Linux GB 2, wa Windows 10 GB 4, basi. Kwenye GB 4, tumia mgeni wa maandishi tupu, asiye na madirisha.

Kori za prosesa, zinazotajwa kwa `-smp`, nazo zina hadithi yake. Kila kori unayompa mgeni ni thredi ya kawaida kwenye mwenyeji, inayogombea prosesa ileile pamoja na kivinjari chako. Kuandika `-smp 8` kwenye prosesa ya kori nne ni kama kuorodhesha wachukuzi wanane kwenye ghala la korosho lenye wachukuzi wanne. Magunia hayatapakiwa upesi zaidi kwa sababu ya karatasi. Na ujue i5 nyingi za laptopu kabla ya kizazi cha nane, zile zenye herufi U mwishoni, zina kori mbili tu zinazojionyesha kama nne. Kwa hizo `-smp 2` inatosha.

Kuna mtego mwingine ambao hata mafundi wazuri unawanasa. Kabla ya QEMU 6.2, `-smp 4` ilimaanisha soketi nne (yaani prosesa nne kwenye ubao) zenye kori moja moja. Windows 10 Home inakubali soketi moja tu, na Pro mbili. Mgeni wa Home amepewa kori nne, anatumia moja, na hakuna ujumbe wowote wa kosa. Ukitumia QEMU ya zamani iliyokuja na Linux ya zamani, fafanua mwenyewe: `-smp 4,sockets=1,cores=4,threads=1`.

“Diski ya GB 40 itanimalizia nafasi”

Haitamaliza, angalau si siku ya kwanza. `qemu-img create -f qcow2 diski.qcow2 40G` hutengeneza faili dogo la qcow2 (muundo wa diski wa QEMU) lisilofika hata MB moja, linalokua kadiri mgeni anavyoandika. Tatizo liko kinyume: ukifuta vitu ndani ya mgeni, faili la nje halipungui, mpaka uwe umeweka `discard=unmap` kwenye diski na mgeni awe anatoa taarifa ya vilivyofutwa, kwa mfano kwa `fstrim`.

Ninalotaka kulikazia zaidi hapa ni umeme. Gesi inatoka kwetu, Mnazi Bay na Songosongo, lakini taa zinazimika vilevile, na laptopu yenye betri iliyokufa inazimika nazo. Sasa mtandaoni kuna ushauri unaozunguka wa kuweka `cache=unsafe` ili diski iende kasi. Inakwenda kasi kweli, kwa sababu QEMU inapuuza kila ombi la mgeni la kuhakikisha data imefika kwenye diski. Umeme ukikatika katikati, unaweza kupoteza mfumo wote wa mgeni. Wengine wakiogopa hilo wanaikimbia hata `cache=writeback`, ambayo ndiyo QEMU hutumia usipochagua. Hapo wanaogopa bure. `writeback` inaheshimu maombi hayo, na mgeni anabaki katika hatari ileile ya kompyuta yoyote ya kawaida iliyozimwa ghafla. `unsafe` iache kwa kazi ambayo uko tayari kuianza upya, kama vile kusakinisha mfumo mara ya kwanza.

Wengine hulalamika kwamba Windows haiioni diski wakati wa kusakinisha. Ukiandika `-hda diski.qcow2` mgeni anapata diski ya IDE, ya taratibu lakini inayojulikana na kila mfumo. Ukiandika `-drive file=diski.qcow2,format=qcow2,if=virtio` anapata ya virtio, iliyobuniwa kwa mashine pepe, ya haraka, ambayo Windows haina draiva yake. Orodha ya diski inatokea tupu, na fundi anasema faili limeoza. Chomeka ISO ya virtio-win kama CD ya pili, upakie draiva palepale kwenye usakinishaji. Linux haina shida hiyo.

“Ping imegoma, kwa hiyo hakuna intaneti”

Mtandao wa kawaida wa QEMU, ule wa `user`, humpa mgeni anwani 10.0.2.15, lango 10.0.2.2 na DNS 10.0.2.3. Unapitisha TCP na UDP, njia zinazotumiwa na kivinjari na programu nyingi; ping, ile amri ya kupima kama kompyuta nyingine inajibu, kwenye mashine nyingi haupitishi mpaka mwenyeji aruhusu. Kwa hiyo jaribu kwa `curl` au kwa kivinjari kabla ya kutangaza msiba. Upande wa kuingia ndio umefungwa kweli: seva uliyoiwasha ndani ya mgeni haionekani nje mpaka ufungue mlango, mathalani `-nic user,model=virtio-net-pci,hostfwd=tcp::2222-:22`, kisha uiingie kwa `ssh -p 2222` kupitia localhost. Opsheni ya `-nic` ilikuja na QEMU 2.12 mwaka 2018. Maelezo ya zamani yenye `-net` mbili mbili yaache yapumzike.

Wapo pia wanaoamini mashine pepe “haitumii bando” kwa kuwa si kompyuta halisi. Inatumia bando lilelile la simu yako, tena vibaya zaidi. Windows ya mwenyeji ukiieleza kwamba intaneti ya simu ina kipimo, inajizuia. Windows ya ndani inaona kadi ya waya na inaamini iko ofisini kwa mtu mwenye intaneti isiyoisha, basi inashusha masasisho bila kuuliza. Na kadi hiyo imo hata kama hukuitaja. Usipoihitaji, andika `-nic none`.

Madogo madogo niyapitie haraka. Kipanya kikinaswa ndani ya dirisha, Ctrl+Alt+G hukiachia. `-usb -device usb-tablet` humaliza tatizo lenyewe. `-vga` haimpi mgeni kadi yako ya picha, kwa hiyo sahau michezo. Na anayeambiwa “QEMU ya ARM ni mbovu, haiwaki” ajue `qemu-system-aarch64` haina mashine ya kuchagua kwa niaba yako, moja ya sehemu chache ambapo inakataa kukisia. Andika `-M virt`.

“Mambo ya kuandika amri ni ya wataalamu, wengine watumie virt-manager”

Tumia virt-manager, programu ya kuendesha mashine pepe kwa kubofya, hakuna ubaya. Ila ukiwa umewasha mgeni humo, fungua dirisha la amri uandike `ps aux | grep qemu`. Utaona mstari mrefu unaojaza skrini: ni QEMU ileile, na opsheni hizihizi zimeandikwa na programu badala yako. GNOME Boxes ni hivyohivyo. Wala hakuna wa kukariri. `-machine help`, `-cpu help` na `-device help` zinaorodhesha kila kilichopo, na `-device virtio-net-pci,help` inaonyesha vipengele vya kifaa kimoja. Ukitaka kujua mgeni amepewa vifaa gani hasa, pamoja na vile usivyoviagiza, ongeza `-monitor stdio` kisha uandike `info qtree`.

“Nipe faili la qcow2, nitaiwasha kwangu”

Mtu yuko Masasi, mwenzake Mtwara, flashi inasafiri na basi. Kwanza flashi yenyewe: ikiwa ni FAT32 haipokei faili linalozidi GB 4, kwa hiyo iwe exFAT. Lakini hata faili likifika zima, ni diski tu. Kompyuta iliyoizunguka ilikuwa kwenye mstari wa amri, na huo ulibaki Mtwara. Windows iliyosakinishwa juu ya IDE ikiwashwa juu ya virtio inaishia kwenye skrini ya bluu. Iliyozoea UEFI (mrithi wa BIOS) ikipewa BIOS ya kawaida ya QEMU haitaiona hata sehemu ya kuanzia. Nayo aina ya mashine ina uzito wake: usipotaja, x86 inapata `pc`, inayoiga chipu za Intel i440FX za mwaka 1996, wakati mwenzako labda alitumia `q35`.

Kwa hiyo amri iandikwe kwenye faili, liitwe `washa.sh`, liwekwe kwenye flashi hiyohiyo:

```
qemu-system-x86_64 -accel kvm -cpu host \
  -machine pc-q35-8.2 -m 2G \
  -smp 2,sockets=1,cores=2,threads=1 \
  -drive file=diski.qcow2,format=qcow2,if=virtio \
  -nic user,model=virtio-net-pci
```

Namba 8.2 kwenye jina la mashine imewekwa makusudi. `q35` peke yake humaanisha toleo jipya kuliko yote ndani ya QEMU iliyopo, hivyo vifaa vinaweza kubadilika kidogo siku unaposasisha. Ukiandika toleo, mgeni ataona ubao uleule Masasi na Mtwara, mradi QEMU ya pande zote mbili isiwe ya nyuma ya hapo. Kinachobadilika ni prosesa, kwa sababu `host` ya Masasi si `host` ya Mtwara. Mgeni akilalamikia hilo, chagueni jina moja kutoka `-cpu help` ambalo laptopu zote mbili zinalimudu.