Je, wajua kwa nini gari la waya husimama upesi likiingia mchangani?

Kiangazi kinapokausha ardhi ya Dodoma, watoto katika mitaa mingi hutoka na magari waliyojitengenezea kwa waya, makopo na vipande vya ndala chakavu. Katika ua wa nyumba tunayoishi lipo moja ambalo nimelitazama kwa muda mrefu. Bodi yake ni galoni la mafuta ya kula lililokatwa ubavuni, ekseli zake ni spoku za baiskeli, na abiria wake ni jiwe dogo lililokaa juu bila kufungwa. Mwenye gari huliweka kwenye kibaraza cha saruji, akalisukuma mara moja na kuliachia. Likiwa juu ya saruji hukimbia vizuri, lakini likiteremka mchangani pua yake huzama, gari husimama, na jiwe hurukia mbele peke yake.

Ukiwauliza watu kwa nini gari limesimama, wengi watakujibu kuwa nguvu ya msukumo imekwisha. Jibu hilo lina mvuto wake, nalo liliaminiwa na wasomi kwa karne nyingi, lakini si sahihi. Msukumo ulikoma pale pale mkono ulipoachana na gari, na bado gari likaendelea kwenda. Galileo wa Italia alilitafakari jambo hili kwa kuviringisha tufe kwenye mbao zilizoinama, na mwaka 1687 Mwingereza Isaac Newton akaliweka katika kanuni: kitu kilicho katika mwendo huendelea na mwendo huo huo, kwa kasi ile ile na katika mstari ulionyooka, mpaka kani fulani ikibadilishe. Kani ni msukumo au mvuto wowote. Kwa hiyo swali lenyewe ligeuzwe: tusiulize ni nini kilicholiendesha gari baada ya kuachiwa, bali ni nini kilicholizuia.

Kizuizi ni msuguano, nao una makao mawili. Makao ya kwanza ni pale spoku inapozunguka ndani ya tundu la bodi. Tone la mafuta au sabuni kidogo hapo huongeza safari ya gari kwa kiasi ambacho mtoto yeyote hukiona. Makao ya pili ni pale tairi linapogusa ardhi, na hapa ndipo mchanga unapoonyesha ukali wake. Saruji ni ngumu, haibonyei. Mchanga hubonyea, tairi likachimba kishimo chake lenyewe, na kila linaposonga hulazimika kuupanda ukingo wa kishimo hicho na kuzisukuma pembeni chembe zilizo mbele yake. Mwendo wote wa gari huishia katika kazi hiyo.

Tuchukulie mfano wa gari la gramu 200 lililoachiwa likiwa na kasi ya mita 2 kwa sekunde. Kama kizuizi cha saruji ni nyutoni 0.1 (nyutoni ni kipimo cha kani), kasi itapungua kwa mita 0.5 kwa sekunde katika kila sekunde, na gari litasimama baada ya mita 4. Kama kizuizi cha mchanga ni nyutoni 0.4, litasimama baada ya mita 1 tu. Linalonishangaza zaidi ni hili: mtoto akilisukuma juu ya saruji kwa kasi maradufu, yaani mita 4 kwa sekunde, gari halitakwenda mita 8 bali mita 16. Madereva wangefaa kulikumbuka hilo, kwa kuwa gari kubwa nalo likiongezwa kasi maradufu huhitaji takribani mara nne ya umbali ule ule ili breki zilisimamishe.

Na lile jiwe? Mchanga ulilizuia gari, haukuligusa jiwe. Jiwe liliendelea na mwendo wake, kama abiria wa daladala anavyoinamia mbele dereva anapokanyaga breki ghafla.

Mtoto akirundika mawe ndani ya galoni, msukumo ule ule wa mkono utaliongezea gari kasi pole pole zaidi, kwani tungamo, yaani wingi wa maada iliyomo katika kitu, likiwa maradufu, ongezeko la kasi huwa nusu. Mzigo pia hukandamiza matairi na kukuza msuguano. Ndiyo maana gari lililosheheni huzama mchangani kuliko lililo tupu.

Hata hivyo, msuguano si adui wa mwendo siku zote. Gari la waya husukumwa na mkono, na matairi yake hufuata tu. Lori la kweli hujisukuma kwa matairi: tairi huisukuma ardhi kurudi nyuma, na ardhi, kwa kani iliyo sawa, hulisukuma lori kwenda mbele. Pasipo msuguano mabadilishano hayo hayawezekani. Masika yakilowesha udongo mweusi wa mbuga, kama ule wa Bahi, tairi huzunguka kwa kasi mahali pamoja huku likirusha tope, na lori halisogei hata hatua moja, mpaka watu washuke, wakate matawi na kuyatandika chini ya tairi ili lipate mahali pa kushika.