Kwa nini wachoraji wa Ufaransa walirudia shaba na asidi wakati kamera ishaingia?

Hebu fikiria, kamera imetangazwa Paris mwaka 1839, watu wote macho huko, halafu miaka ya 1850 na 1860 wachoraji wa hukohuko Ufaransa wanaanza kuhangaika na mabamba ya shaba na asidi, ufundi aliokuwa anautumia Rembrandt, mchoraji wa Uholanzi, miaka mia mbili nyuma. Walikuwa wanatafuta nini?

Jibu utalipata ukiijua kazi yenyewe inavyofanyika. Unalipasha bamba moto kidogo, unalipaka nta iliyochanganywa na lami, unalifukiza kwa mshumaa mpaka liwe jeusi tii. Ndo unachora na sindano, ila shaba huigusi kwa nguvu, unakwangua nta tu, mkono unateleza kama umeshika kalamu na kila mstari unaopita unauona unang'aa wekundu. Unalizamisha kwenye asidi, Wafaransa wanaiita eau-forte, yaani maji makali, na sanaa yenyewe wanaiita hivyohivyo. Asidi inakula pale palipokwanguliwa tu. Ukitaka vilima vya mbali viwe hafifu unalitoa mapema, unaviziba kwa vanishi, unalirudisha ndani ili miti ya karibu iendelee kuliwa. Baadaye unaondoa nta, unapaka wino uingie kwenye mistari, wa juu unaupangusa, kisha karatasi yenye unyevu na mashine ya roli, picha inatoka imegeuka, kushoto kumekuwa kulia.

Sasa chapa nyingi, yaani picha za kuchapishwa, za wakati ule zilikuwa kazi ya mafundi wa kuchonga shaba kwa patasi ndogo, wananakili mchoro wa mtu mwingine, kazi ngumu ya miezi na miezi. Kunakili huko ndiko kamera ilikokuja kukula. Lakini sindano juu ya nta mchoraji yeyote anaimudu mwenyewe bila fundi wa katikati, na mkono wake unaonekana vilevile ulivyotetemeka, kitu ambacho kamera haikuwa nacho, na kwa mimi hiyo ndo sababu kubwa kuliko zote.

Mwangalie mchoraji Charles-François Daubigny. Mwaka 1857 alijipatia mashua akaifanya studio, akaiita Botin, akawa anazunguka nayo mito ya Seine na Oise akichora kingo na miti. Mwaka 1862 mchapishaji Alfred Cadart akazitoa chapa za safari hizo, na moja inamuonyesha Daubigny mwenyewe kakaa ndani ya mashua anachora. Mwaka huohuo Cadart na mchapaji Auguste Delâtre wakaanzisha chama, Société des Aquafortistes, yaani chama cha wachoraji wa eau-forte, kila mwezi wanatoa chapa 5 mpya, na mshairi Baudelaire naye akaandika kuisifia sanaa hii. Chama kilidumu mpaka 1867.

Delâtre alikuwa hapangusi wino wote, anaacha utando mwembamba juu ya bamba, ndo maana mto kwenye chapa zake unaweza kuonekana wa jioni ingawa hakuna mstari hata mmoja ulioongezwa. Mchoraji Ludovic Lepic akaja kulipeleka hilo mbali kabisa miaka ya 1870, bamba moja la kingo za mto Scheldt akalitolea picha 85 tofauti, hii mwezi unachomoza, hii theluji imetanda, hii kinu kinawaka moto, na kilichobadilika ni wino tu na namna alivyoupangusa kwa kitambaa.